Shemeji Alisema Nipunguze, Nikadhani Ananitania

Nimekosa, jamani. Sitazunguka. Nimemharibia maisha mtu asiye na hatia, kisha nikamsingizia, kisha nikafanya jambo jingine baya zaidi ambalo nitalisema huko mbele, maana nikilisema sasa hivi mtaacha kusoma na kubaki kunilaani.

Jina langu liacheni. Wa Mwanza wenzangu wengine mtanitambua, na mkinitambua basi, nimestahili. Ila nisikilizeni kwanza kama vile tumekaa wawili, mlango umefungwa, mimi nalia na wewe umenishikia kikombe cha chai.

Mimi ni mfanyabiashara. Nanunua dagaa Mwaloni, pale Kirumba, napeleka Bunda, Musoma mpaka Sirari. Mzigo unatangulia kwa lori, mimi nafuata na gari langu dogo. Barabara ile nayajua mashimo yake, matuta yake na mahali ng'ombe wanapopenda kuvuka. Tangu nipate leseni sikuwahi hata kukwaruza taa. Hilo lilinivimbisha kichwa! Nikipanda gari la mtu lazima nimkosoe. Mume wangu akishika usukani namwambia anaendesha kama amepakia mayai ya mnada wa kanisani.

Halafu nikapata gari la turbo, la bluu, na ujinga wangu ukapata miguu.

Kuna kundi letu la wapenda magari hapa mjini. Mara mojamoja tunakodi uwanja wa kiwanda cha pamba kilichokufa, upande wa kwenda Magu. Ndani kuna barabara inayozunguka maghala, zamani malori ya pamba yalipita humo kwenda kwenye mizani. Tunapanga matairi chakavu kwenye kona, tunaweka mtu wa bendera, halafu kila mmoja anaingia kwa zamu kuendesha anavyotaka, bila trafiki, bila bodaboda, bila mbuzi. Tangazo letu linasema hatushindani, tunajifunza na kufurahi. Uongo mtupu. Kila mtu anaangalia nani amempita nani.

Msimamizi ni kaka mmoja tunamwita Masalu, aliwahi kushiriki mashindano ya magari. Kabla hatujawasha huwa anatoa masharti yake. Kofia ngumu kichwani. Abiria ni asubuhi tu, kwenye mizunguko ya polepole. Ukishazunguka kidogo, toka upoze gari. Na pedali ya breki ikianza kulainika, usibishane nayo, toka. Mimi masharti hayo nilikuwa nayasikia kama yale matangazo ya mwisho ya ibada, wakati watu wameshashika mikoba yao.

Siku moja alinifuata akaniambia kwa upole, "Dada, unaingia kona na spidi kubwa, halafu unategemea breki ikuokoe. Breki inachoka."

Nikamjibu mbele ya watu, "Kaka Masalu, wewe umeacha lini kuendesha? Mwenzio Sirari ni kila wiki."

Watu wakacheka. Naye akacheka kidogo, akaondoka zake. Nilijiona nimeshinda kitu.

Sasa niwaeleze nyumba niliyoolewa, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mume wangu ni Kulwa, na huku kwetu ukisikia Kulwa ujue kuna Doto. Ni mapacha, wanafanana mpaka mwendo. Mama yao yuko Magu, analima mpunga, na aliwalea kwa sheria moja tu: akipewa huyu, na yule apewe. Shati moja halikununuliwa nyumba ile. Hata leo, wanaume wazima wenye ndevu, ukimpakulia Kulwa samaki na Doto yupo, sahani zilingane, la sivyo mama anauliza. Anaamini ukimbagua pacha mmoja unaita balaa. Mimi ni Mjita, mwanzoni ilinichekesha, baadaye nikazoea.

Doto alikuwa fundi simu, ana kibanda chake Igogo, na ndiye mwalimu wa kwaya kanisani. Sauti aliyokuwa nayo! Na mdomo je! Mimi na shemeji yangu huyo tulitaniana mpaka wageni walishtuka. Alikuwa anabisha hodi akisema, "Nimekuja kumchukua mke wangu, huyu Kulwa nilimwazima tu." Namwambia, "Nichukue haraka, wewe angalau unaimba, mwenzio anakoroma." Nikipika ugali anashika tumbo, anaita majirani wampeleke hospitali, huku mkono mwingine unaongeza mboga.

Nikimpa lifti mjini ndiyo usiseme. Anashika dashibodi kwa mikono miwili, anapiga kelele dirishani, "Nakufa mie! Nishusheni! Huyu mwanamke ametumwa!" Watu wanageuka, na sisi tunacheka mpaka machozi yanatutoka.

Yaani miaka yote ile alikuwa ananiambia nimshushe, na hakuna siku hata moja aliyotaka kushuka kweli. Ndivyo nilivyozoea.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wingu zito lilikuwa limekaa upande wa ziwa tangu asubuhi na halikutaka kunyesha wala kuondoka. Joto lilikaba, hakuna upepo hata wa kutikisa jani.

Kulwa alikuja nami, mara yake ya kwanza. Akaomba apande kwenye ile mizunguko ya polepole. Masalu akamvalisha kofia ya abiria, tukazunguka vizuri, akashuka anatabasamu na palepale akampigia Doto kumringishia. Nikasikia Doto anafoka ndani ya simu, "Yaani wewe upande, mimi nibaki? Nafunga kibanda, nakuja!"

Kabla ya saa sita jamaa mmoja alishindwa kona ya mizani. Gari lilipitiliza likaingia kwenye matairi, bampa likabaki pale. Hakuumia. Masalu akasimamisha kila kitu, akarudia habari ya breki, akasema joto la leo si la mchezo. Mimi nilikuwa najipiga picha na kofia yangu. Nikasema kwa sauti ili wanisikie, "Si kila anayeshika usukani ni dereva."

Mungu wangu, maneno hayo! Nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze.

Mchana niliingia na nikazunguka kupita nilivyoruhusiwa. Nikasikia harufu kali, ile ya breki inapoungua. Pedali ilishuka zaidi ya kawaida. Leo sitadanganya, niliisikia kwenye unyayo. Mtu wa bendera akanipungia nitoke, akapunga tena, mwisho nikatoka. Nikaegesha nyuma ya ghala, mbali na wengine, kwa sababu sikutaka waione aibu yangu.

Masalu alinifuata, akainama kwenye gurudumu, hakuligusa. Joto lake lilimpiga usoni. "Usiliwashe hili gari mpaka nije niliangalie," akasema. Halafu akaitwa getini.

Ndipo Doto alipofika kwa bodaboda. Kulwa alikuwa ameenda barabarani kutafuta chakula. Doto akanikuta peke yangu.

"Mke wangu," akasema, "nimesikia Kulwa umempandisha."

"Amepanda, ameshuka, hajatapika. Wewe ungetapika."

"Basi na mimi nipandishe. Au nimpigie mama nimwambie unabagua mapacha?"

Tukacheka. Nikamwambia abiria ni asubuhi tu, muda umepita. Naye akasema, "Haina shida shemeji, nitakaa hapa niangalie."

Someni hapo tena. Alikubali! Alikuwa ameshageuka anatafuta kivuli cha kukaa. Mimi ndiye niliyemwita. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia, "Njoo upande bwana. Mama asije akasema."

Akauliza, "Kofia iko wapi?"

"Ya abiria anayo Masalu, tukienda kuichukua atatuona. Tunazunguka kidogo tu, taratibu. Funga mkanda."

Akafunga mkanda. Mimi yangu nilivaa. Hilo nalo liandikwe, kwamba mimi kichwa changu nilikifunika.

Gari halikuwa limepoa.

Mwanzoni nilikwenda taratibu kama nilivyoahidi. Doto akaanza vituko vyake, akashika dashibodi, "Nakufa mie! Nishusheni!" Nikacheka mpaka nikakosa pumzi. Tulipopita walipokuwa wamekaa wenzetu, mmoja akapaza sauti kwa jina walilonibandika, "Mama Turbo!" Wengine wakapiga makofi. Basi. Nilichokuwa nimemwahidi shemeji kikaishia hapo. Nikakanyaga mafuta.

"Shemeji, punguza," Doto akasema.

"Umeshaanza!"

"Punguza bwana, kweli."

Alikuwa anacheka. Nawaapia alikuwa anacheka, lakini kile kicheko kilikuwa kifupi, kinakatika katikati. Sasa najua watu wengine wakiogopa hucheka. Siku hiyo sikujua, au sikutaka kujua.

Nikamwambia, "Kumbe watu wa Magu mnaogopa hivi? Ungezaliwa kwetu ziwani ungefia kwenye mtumbwi!"

"Shemeji, nishushe. Nakuomba. Nishushe."

Na akanishika mkono. Doto kwenye utani wa garini hushika dashibodi, hajawahi kunishika mimi. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na joto lile! Mwili wangu ulielewa. Kichwa changu ndicho kilichogoma. Nikautikisa mkono wake ukatoka, nikacheka, nikaongeza mwendo.

Kona ya mizani ikaja. Nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini kama nimekanyaga tope. Nikakanyaga tena. Hakuna kitu. Doto hakupiga kelele. Alisema tu "Mama," kwa sauti ya chini kabisa. Nikakata usukani, gari likaenda kwa ubavu, ubavu wake yeye. Matairi yaliyosambaratishwa asubuhi yalikuwa bado hayajapangwa vizuri. Tukapiga nguzo ya zege.

Mimi nilitoka na alama ya mkanda begani. Basi, hiyo tu.

Kulwa alirudi na mifuko ya chakula akakuta watu wamejaa. Nilikuwa nimekaa chini, sisikii vizuri. Nikamwona mume wangu amelala chini anatoka damu sikioni, na hapohapo nikamwona mume wangu amesimama anajitazama. Kwa muda kidogo akili yangu ilikataa kuwatenganisha. Halafu mifuko ikaanguka.

Hospitali mama mkwe alifika jioni kutoka Magu, na matope ya jaruba la mpunga bado yako miguuni. Hakulia. Alinisogelea kwenye korido, ukoo mzima unatazama, akaniuliza, "Mwanangu, ilikuwaje? Doto wangu hapendi mwendo, tangu mtoto. Hata baiskeli alikuwa anaogopa mtelemko."

Sikulijua hilo. Miaka yote ile ya kupiga kelele dirishani, sikujua kwamba mzaha wake wote ulikuwa umejengwa juu ya woga wa kweli. Nilipaswa kuanguka pale magotini. Badala yake mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mama, aling'ang'ania. Nilimkatalia, akasema Kulwa amepanda na yeye lazima apande. Tukiwa ndani akawa ananiambia ongeza, ongeza."

Mama akavuta khanga akafunika uso. "Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi niliyewazoesha hivyo, apewe huyu apewe na huyu. Nimemuua mwanangu mwenyewe."

Nikamwacha alie hivyo. Nikamshika bega, nikambembeleza, na nikamwacha aamini! Polisi nao niliwaambia breki zilikufa ghafla na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinihimiza. Masalu alinitazama tu, akaondoka, na tangu siku hiyo hapokei simu zangu.

Doto hakufa. Alilala muda mrefu bila fahamu, akaamka. Mkono na mguu wa kulia vimelegea, na maneno yamepotea. Anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, ila ulimi haufuati. Mtu wa kwaya! Kibanda cha Igogo kina fundi mwingine sasa. Yeye amehamia kwetu Kirumba, chumba cha mbele, na mimi ndiye ninayemlisha na kumfulia.

Watu wananisifu. Kanisani wamama wananishika mikono, wanasema nina moyo. Mama mkwe anapiga simu kila Jumapili. "Mungu akubaliki mwanangu," ananiambia kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. "Mkwe kama wewe sijaona." Nami naitikia amina.

Jamani, kuna mateso yanaitwa kusifiwa.

Lakini sikiliza lililokuwa likitokea kila Jumamosi. Kulwa anamkalisha ndugu yake kwenye kiti uani, anamnyoa ndevu. Anamnyoa taratibu sana, na huku anamsemesha. "Ungeacha ubishi wako, Doto. Nani alikutuma umwambie aongeze mwendo? Ona sasa. Ona ulichojifanyia." Anasema kwa uchungu wa ndugu, si kwa ubaya. Doto anatikisa kichwa, anatoa sauti, mate yanamtoka. Kulwa anadhani wembe umemuuma, anamfuta, anamwomba radhi. Doto ananitazama mimi. Mimi nainama naosha sufuria ambayo nimeshaiosha.

Sasa nifike kwenye lile nililosema nitalisema.

Hospitali kuna mtaalamu anayewafundisha watu kuongea upya. Alituambia Doto ana bahati, maneno yanaweza kurudi, ila lazima afanye mazoezi mfululizo miezi hii ya mwanzo. Akikaa bila mazoezi, akasema, ulimi unazoea kukaa kimya na kuurudisha inakuwa vigumu. Kulwa ana kazi, kwa hiyo jukumu la kumpeleka likawa langu.

Siku ya kwanza Doto alipotamka "ba," nyumba nzima ilishangilia. Nami nikashangilia. Kisha nikawaza neno la kwanza atakalomwambia Kulwa.

Nikaanza kidogo kidogo. Leo mtaalamu hayupo. Leo Doto amechoka. Leo mvua. Halafu nikapata njia nyepesi zaidi. Nilikuwa namtoa nyumbani amevaa vizuri, naita bajaji, tunakwenda kukaa kando ya ziwa tunatazama vivuko vinavyokuja na kwenda. Muda ukifika narudi naye, nasema leo amejitahidi sana. Kulwa anampiga mgongoni, anamwambia, "Safi sana ndugu yangu."

Na yeye anajua! Anajua hatukwenda, amekaa pale anatazamwa usoni na pacha wake, na hawezi kusema!

Nilikuwa nampigia magoti Mungu kila siku kumwombea mguu wake. Mguu tu. Ulimi sikuuombea. Mnisamehe.

Kilichonivunja ni jambo dogo. Siku moja pale ziwani nilikwenda kununua maji, niliporudi nikamkuta Doto ameinamia upande wa maji, hajaniona. Alikuwa anafanya mazoezi peke yake. Anakunja midomo kwa kidole cha mkono mzima, anasukuma sauti, inakataa, anaikunja tena. Alikuwa anakumbuka alivyofundishwa zile siku chache, na anajifundisha mwenyewe. Jasho linamtiririka. Aliponiona akaacha, akaficha kidole mapajani kama mwizi aliyekamatwa.

Ananiogopa. Shemeji yangu ananiogopa mimi!

Nilimrudisha nyumbani. Kulwa alikuwa uani anapiga pasi mashati ya kanisani. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitamaliza. Nilimwambia Doto alishakubali kubaki, mimi ndiye niliyemwita. Nilimwambia kuhusu kofia, pedali, na jinsi alivyoniomba nimshushe. Nilimwambia niliyosema kwenye korido ya hospitali. Nilimwambia kuhusu ziwa.

Kulwa hakunipiga, hakupiga kelele. Pasi ilikuwa juu ya shati, ikaliunguza, moshi ukaanza kutoka, hakuiondoa. Mimi ndiye niliyeiinua.

Mwisho akasema, "Kwa nini unaniambia mimi? Mimi ndiye uliyenisingizia?"

Akanishika mkono, akanipeleka chumba cha mbele, akanisimamisha mbele ya kitanda. "Mwambie."

Nikapiga magoti nikaanza tena, mbele ya Doto. Kila nilipofupisha, Kulwa alisema, "Yote." Doto alinitazama mwanzo mpaka mwisho, hakupepesa. Nilipofika kwenye mambo ya ziwa machozi yakamtoka, jicho moja tu, lile lingine halifanyi kazi sawasawa.

Kulwa akakaa karibu naye. "Doto," akasema, "nimekugombeza kila wiki kwa kitu ambacho hukufanya. Mimi utanisamehe tukiwa wawili. Lakini huyu hapa yuko mbele yako. Kama una la kumwambia, mwambie. Nasubiri."

Doto akafungua mdomo.

Nilikuwa tayari. Nilitaka tusi, nilitaka laana, nilitaka aniite muuaji na mtaa mzima usikie. Mishipa ya shingo ikamsimama. Sauti ikaja, haikuwa neno. Akakunja midomo kwa kidole, akajaribu tena. Tukasubiri, Kulwa amemshika goti, mimi nimeshika shuka. Alijaribu mpaka mwili mzima ukawa unatikisika, na neno halikutoka. Mwisho akaacha, akageuza uso ukutani.

Hata nafasi ya kunitukana nimemnyang'anya.

Siku hizi Kulwa ameomba ruhusa kazini, anampeleka mwenyewe. Mtaalamu anasema watajitahidi, lakini hasemi tena lile neno la bahati. Kulwa anaongea nami mambo ya nyumba tu, chumvi imekwisha, maji yametoka. Jumatatu nakwenda polisi kubadilisha maelezo yangu, na yatakayofuata yafuate. Kabla ya hapo tunakwenda Magu, mimi na Kulwa, kumwambia mama kwamba kulea kwake hakukuwa na kosa. Sijui atanipokeaje. Sili, silali.

Ninaandika leo kwa sababu nasikia wenzangu wanajiandaa kurudi kiwandani. Nasikia pia kuna dada mpya kundini, hodari kweli, hajawahi kukwaruza gari, na Masalu akisema masharti yeye anachezea simu. Dada yangu, sikujui, lakini nakujua. Kutopata ajali siku zote hizo si cheti cha udereva. Pedali ikilainika, toka. Ukiambiwa abiria muda umepita, muda umepita, hata kama ni pacha wa mumeo, hata kama mama mkwe atauliza. Na usimpandishe mtu ambaye hana kofia ukavaa wewe yako.

Na ninyi mnaotaniana na mashemeji, na mabinamu, na watani zenu, endeleeni, utani ni mtamu. Lakini mtu aliyekaa pembeni yako akisema punguza, usimtazame kama anacheka au analia. Punguza kwanza. Kama alikuwa anatania, mtacheka mkishafika.